Kabla ya Kushika Msumeno, Tazama Kingo

Niliikata modeli yangu ya plastiki ya ndege ya kivita Spitfire, ya skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), katikati ya kiwiliwili kwa sababu mchoro wa vipimo niliouchapisha ulionyesha ni fupi kwa milimita mbili na ushei. Nikapachika kipande cha plastiki, nikajaza puti, nikapiga msasa jioni mbili nzima. Mchoro wenyewe nilikuja kuupima baadaye: kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, milimita 159. Spitfire halisi ya mabawa ya kawaida ina mita 11.23, ukigawanya kwa 72 unapata 156. Printa ilikuwa imeukuza mchoro. Seti ya vipande vya modeli haikuwa na kosa lolote hadi nilipoitia mkono.

Siku hizi mchoro siuamini kabla ya kuuwekea rula. Tena nimegundua kwamba modeli huumbuliwa na unene kuliko urefu. Ukingo wa plastiki wenye milimita 1, kwa skeli hiyo, ni bati la milimita 72! Bati halisi la ndege ile halifiki hata milimita 3.

Kwa hiyo naanza na ukingo wa nyuma wa bawa. Kabla ya kuunganisha nusu mbili, nakwangua upande wa ndani. Nje kuna mistari inayoonyesha maungio ya mabati na sitaki kuipoteza. Kisu nakisimamisha wima na kukivuta kama anayeparua magamba ya samaki, bila kukata. Plastiki hutoka nyuzinyuzi. Kila baada ya mikwaruzo kadhaa nainua kipande kwenye taa: mwanga ukianza kupenya ukingoni, naacha hapo hapo. Namalizia kwa msasa wa maji namba 400, kisha 800. Maji huzuia msasa usizibe, na vumbi halikuingii puani.

Milango ya magurudumu iliyo tambarare sijisumbui kuikwangua. Naitumia kama kiolezo, nakata mingine kwenye shiti ya plastiki ya milimita 0.25.

Mabomba ya moshi mengi huja yamezibwa. Toboa alama kwanza kwa ncha ya sindano, la sivyo kekee itateleza. Izungushe kwa vidole. Kekee ya umeme huyeyusha plastiki, na bomba ukishaliyeyusha hulirudishi.

Kuhusu nyufa: puti ya kawaida husinyaa ikikauka, ndiyo maana mshono wa Spitfire yangu ulibonyea wiki moja baada ya kupakwa rangi. Ufa mpana nautia kipande cha plastiki, mwembamba nautia supaglu. Ila supaglu uipige msasa ndani ya saa moja hivi. Ukiiacha hadi kesho inakuwa ngumu kuliko plastiki, na msasa utakula pembeni, kovu libaki limesimama. Kama hujawahi, jaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata vipande, ambayo ungeitupa hata hivyo.