STN, GPi au VIM: elektrodi za mzee ziwekwe wapi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Baba yangu ana miaka 67, ni mstaafu wa polisi, tunaishi Busia upande wa Uganda. Huu ni mwaka wa tisa ana ugonjwa wa Parkinson. Levodopa, dawa ya kumfungulia mwendo, anameza mara tano kwa siku. Ikimkolea anajinyonganyonga mwili mzima, ikimwishia anaganda kitini. Kutetemeka kupo ila si sana. Tangu mama afariki amekuwa mnyonge, na siku hizi anasahau majina ya watu. Tulituma faili lake kwenye hospitali mbili India, tukiulizia upasuaji wa DBS, ule wa kuweka ubongoni elektrodi, yaani nyaya nyembamba za kuuchochea kwa umeme. Moja inashauri ziwekwe sehemu ya ubongo iitwayo STN, nyingine GPi. Jirani yetu muuguzi anasema dawa ya kutetemeka ni VIM. Nani tumsikilize? Na ni kweli akiwekewa STN ataachana na vidonge?

JIBU: Nianze na muuguzi wenu, maana jibu lake ni fupi. VIM ni sehemu ya thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, na ndiyo iliyofungua njia ya tiba hii: timu ya Alim-Louis Benabid kule Grenoble, Ufaransa, ilianza kuichochea kwa umeme mwaka 1987. Inatuliza mtetemeko vizuri sana. Ukakamavu, uzito wa mwendo na huko kujinyonganyonga haivisaidii inavyotakiwa, na hivyo ndivyo vinavyomtesa mzee. VIM tuiweke kando.

STN ni kiini kidogo kama punje ya harage, kimekaa chini ya thalamasi. GPi ni sehemu ya ndani ya globasi palidasi, kiini kingine cha ubongo kinachohusika na mwendo; ni kubwa zaidi, na iko pembeni zaidi. Dopamini, kemikali inayoongoza mwendo na ambayo levodopa huirudisha, ikipungua ubongoni, sehemu hizi mbili hupiga kelele kupita kiasi na kuukaba mwendo. Mapigo ya umeme, mara nyingi kama 130 kwa sekunde, huvuruga mdundo huo mbaya, na mwili ukafunguka. Madaktari wa Marekani walizilinganisha kwa wagonjwa 299 na kutoa matokeo mwaka 2010: baada ya miezi 24, kwa upande wa mwendo hapakuwa na tofauti ya maana. Waholanzi nao mwaka 2013, kwa wagonjwa 128, waliona STN inasaidia zaidi mgonjwa akipimwa bila dawa mwilini. Kwa hiyo hospitali zenu zote mbili zina hoja. Mtu akiniambia STN ni bora, mimi humuuliza: bora kwa nani?

Tofauti kubwa iko kwenye dawa. Ukichochea STN unaweza kupunguza dozi, mara nyingi kwa theluthi moja hadi nusu, na kujinyonganyonga kunapungua kwa sababu dozi imepungua. GPi inakutuliza huko kujinyonganyonga yenyewe, moja kwa moja, lakini vidonge vinabaki karibu vilevile. Kuacha kabisa ni kwa wachache; msipange bajeti ya nyumba mkitegemea hilo.

Najua familia zinazoipenda STN kwa sababu hiyo tu: levodopa ni ghali, na kuna wiki unazunguka famasi zote za mji huipati. Siwalaumu. Ila geuzeni upande wa pili. Mgonjwa anayeishi kwa dozi ndogo amekiegemea kifaa chenye betri kinachopandikizwa mwilini kupeleka umeme kwenye elektrodi. Betri ikifa ghafla akiwa mbali na msaada, ukakamavu unarudi kwa nguvu, kumeza kunakuwa shida, na hapo maisha yenyewe yako hatarini. Wa GPi naye ataumia, lakini dawa iliyomo mwilini itamshikilia mkiwa njiani kutafuta msaada.

Kuna jambo lililonigusa zaidi katika barua yako: unyonge na kusahau. Ndani ya STN, maeneo ya mwendo, ya hisia na ya fikra yamebanana. Umeme ukivuja milimita moja au mbili unaweza kugusa lisilohusika. Katika utafiti ule wa Marekani, huzuni iliongezeka kidogo kwa waliochochewa STN na ikapungua kwa wa GPi, na kipimo kimoja cha wepesi wa akili kilishuka zaidi kwa wa STN. Kwa mzee aliyefiwa, mnyonge, anayeanza kusahau, mimi naegemea GPi. Huzuni yenyewe itibiwe kabla ya safari. Na kama kuna ndugu anayemnong'oneza kwamba ni obuko, kwamba alivunja mwiko wa mkwe, mwambieni akae mbali na kitanda chake.

GPi ina gharama yake: kwa kawaida inakula umeme mwingi zaidi. Ombeni betri ya kuchajiwa, na ile chaja ya kubebeka ikae imejaa muda wote, maana kukatika kwa umeme mnakujua.

Kabla ya hayo yote, kuna kipimo cha levodopa. Mzee analala bila dawa, asubuhi anapimwa mwendo, anapewa dozi, kisha anapimwa tena. Alama za ugumu wa mwendo zisipopungua kwa takriban asilimia 30, sehemu yoyote mtakayochagua itawavunja moyo. Kisichofunguliwa na dawa, mara nyingi hata umeme haukifungui, isipokuwa mtetemeko. Kwamba anaganda dawa ikiisha na kufunguka ikimkolea ni dalili njema. Kumbukumbu nayo ipimwe kwa kikao kamili, si kwa maswali mawili ya mlangoni. Ikionekana akili imeshadhoofika sana, upasuaji usifanyike, iwe STN au GPi.

Swali ambalo familia nyingi hulisahau: nani atarekebisha kifaa mkisharudi? Miezi ya mwanzo inahitaji marekebisho mara kadhaa, na kila kampuni ina mashine yake ya kufanyia kazi hiyo. STN pia inataka dozi ishushwe pole pole, kwa uangalizi wa karibu. Ziulizeni hospitali zote mbili, kwa maandishi, kama kuna daktari wa Kampala au Nairobi mwenye mashine ya kifaa chao. Mkijibiwa kwamba mtarudi India kila mara, hesabuni nauli hizo kabla ya kulipa chochote. Nitumie pia alama za kipimo cha levodopa, ya bila dawa na ya baada ya dawa, pamoja na ripoti ya kumbukumbu. Nikishaziona ndipo nitaweza kukuambia kama msimamo wangu juu ya GPi unabaki palepale.