Usiuondoe Ukuta Kwenye Picha: Ami wa Kamera Awajibu Wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja: mji wetu wa Mombasa unageuka, na mwenye kamera anaona amechelewa. Nimezichagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, mnisamehe. Imenigusa mahali penyewe.

Asalaam aleikum, Ami. Mimi ni mzaliwa wa Mishomoroni, sasa nafanya kazi Nairobi. Nilipokuwa mdogo babu alinichukua nyuma ya nyumba zetu, tukipita chini ya mikoko mpaka kwenye matope, yeye akitupa kimia na mimi nikibeba kikapu. Babu alifariki mwaka jana. Nilipokuja matangani nilibeba kamera nikapige pale mahali. Nilikuta ukuta wa mawe unaonipita kimo, na nyuma yake magorofa. Mikoko imebaki michache. Nilirudi bila kupiga hata picha moja. Kitu kisichokuwapo hupigwaje picha? — Kijana wa Mishomoroni

Wa aleikum salaam, mwanangu. Mungu amrehemu babu, na poleni nyote nyumbani.

Kabla ya kukujibu nikueleze kosa langu. Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa picha katika studio ndogo karibu na Barabara ya Biashara. Siku za kazi ni pasipoti na maharusi. Jumapili jioni nilikwenda Makupa na kamera yangu, nikasimama upande wa kisiwani nikingoja jua litue nyuma ya Changamwe. Wenye umri wangu mnakumbuka pale palivyokuwa: jaa la Kibarani likifuka moshi, makorongo yamejipanga juu ya taka, abiria wa matatu wakifunga madirisha na kuziba pua kwa ncha ya leso. Mimi niliisogeza kamera taratibu mpaka jaa litoke lote. Nikabaki na maji, jua, na kivuli cha meli. Watu walizipenda. Moja ilikaa ukutani kwa kinyozi mmoja wa Majengo miaka mingi.

Sasa jaa halipo, pamepandwa nyasi na miti. Lile tuta la barabara lililokuwa limeyazuia maji yasipitane kati ya hori la Tudor na hori la Port Reitz nalo limepisha daraja, lililofunguliwa 2022, na maji yanakwenda na kurudi tena. Mjukuu wangu nikimwambia pale palikuwa hivi na hivi, ananitazama tu. Akaniuliza, "Babu, si ulikuwa na kamera? Nionyeshe." Nikafungua sanduku. Nina jua la Makupa picha zaidi ya mia mbili. Jua la 1994 na jua la juzi halina tofauti hata kidogo. Nilichokuwa nakikwepa ndicho ninachotakiwa kukionyesha, na sinacho.

Kwa hiyo nakusihi urudi ukaupige huo ukuta. Simama pale njia yenu ya kwenda matopeni ilipoanzia, au karibu nayo kadiri utakavyoweza, na usiusogelee. Uache uonekane wote: mguu wake, juu yake, kamba ya nguo ya jirani, waya za umeme, duka la mitungi ya gesi kama lipo. Usingoje pasafishwe. Ukuta ukipigwa peke yake, kwa karibu, ni mawe na saruji. Unaweza kuwa popote duniani. Ukipigwa na njia inayoishia kwake, mtu ataona kwamba njia hii ilikuwa ikienda mahali.

Halafu nenda upande wa pili. Mtafute mvuvi mwenye mtumbwi, mlipe siku yake vizuri, mkae majini mtazame nchi kavu. Hivyo ndivyo babu alivyokuwa akiyaona makwenu kila alipoinua kichwa kutoka kwenye kimia, na naamini wewe hujawahi kupaona kutoka pale. Chagua saa za maji kupwa, matope yawe wazi, utafute visiki. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, ukikatwa shina haurudi. Hufa na kisiki hubaki kwenye tope. Mchu, ule ambao mizizi yake huchomoza juu kama vidole vingi vidogo, ukikatwa huchipua. Kwa hiyo ukiona mchu mfupi wenye matawi mengi kutoka kwenye shina nene, umeona mti uliopigwa shoka na ukakataa kufa. Upige huo kwa makini, na mvuvi akuonyeshe ni upande gani walikuwa wakipita.

Mwisho, mtafute mtu mmoja aliyekuwa akivua na babu. Mwombe asimame pale anapodhani walikuwa wakiingilia majini. Atasogea hatua mbili, atarudi moja, atatazama ng'ambo ya Tudor ajikadirie. Mpige wakati anapotafuta. Akishapata pake na kukukazia macho, mpige tena ya heshima, umpelekee nakala iliyochapishwa. Usimwachie ya simu, simu hupotea.

Shikamoo, Ami. Nataka mawio ya jua Shelly Beach, miamba ikiwa wazi na vidimbwi vinang'aa. Nimeambiwa bamvua ndiyo maji hupwa sana, nikaenda alfajiri za bamvua mara nne. Kila mara nakuta maji yamefunika. — Dada wa Likoni

Marahaba. Aliyekwambia hakukosea, ila hakumaliza maneno. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji yetu siku hizo hushuka zaidi ya mita 3. Lakini hapa Mombasa maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa kama saa kumi. Waulize kina mama wanaokwenda kutafuta pweza. Hakuna anayetoka na fimbo yake alfajiri ya siku hizo. Wewe unafika saa kumi na mbili, maji bado yanashuka, na miamba itakapotokea jua limekuwa kali na rangi zote zimefifia.

Maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Hesabu basi: ukitaka yawe chini jua linapochomoza, nenda siku ya tisa au ya kumi ya mwezi mwandamo, au kama siku ya ishirini na nne. Hapo utakuwa umetoka tu kwenye maji mafu, kwa hiyo hayatashuka sana. Utapata vichwa vya miamba, hutapata vidimbwi vyote. Huo ndio ukweli wa pwani yetu: mwanga mzuri na bamvua kubwa havikutani asubuhi. Mimi baada ya kuhangaika miaka mingi nilikubali, nikaanza kuipiga bamvua yenyewe saa nne, na watu wake, na mwanga wake mkali. Kivuli cha mtu aliyeinama kinakuwa kidogo na cheusi, na maji ya vidimbwini yanaonyesha mpaka chini. Sikujuta.

Jambo dogo: jua halitoki mahali pamoja mwaka mzima. Juni huchomoza likiwa limesogea kaskazini, Desemba kusini. Ukipenda mahali fulani, andika tarehe. Na wakati wa kusi utegemee mawingu na mwani mwingi ufukweni; kaskazi bahari hutulia.

Ami, mimi ni mwalimu, Bamburi. Wanafunzi wa chama chetu cha mazingira wanataka kurudia picha za zamani za mtaa, wazilinganishe na za sasa. Mmoja ameniambia, "Mwalimu, tutaonyesha uharibifu tu." Tufanyeje? — Mwalimu

Mwalimu, mnaishi jirani na jibu. Machimbo ya mawe ya saruji yaliyokwisha kazi hapo kwenu yalikuwa mwamba mtupu wa matumbawe. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kujaribu miti ya aina mbalimbali, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyovumilia. Majani yake yakaanguka yakajilundika bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Leo wanafunzi wako wanakwenda pale kulisha twiga. Basi wawatafute wazee waliofanya kazi machimboni, waulize nani ana picha ya wakati wa mwamba. Picha ya jeupe tupu ile, ikiwekwa karibu na ya msitu, itamjibu huyo mwanafunzi wako kuliko mimi.

Kuhusu namna ya kurudia: kazi hii ina mabingwa wake. Mpiga picha Mark Klett na wenzake kule Marekani walianza mwaka 1977 kurudi mahali palepale palipopigwa picha karne ya 19, wakitafuta hata jiwe ambalo kamera ya kwanza ilisimama kando yake. Wafundishe watoto hivi. Kwenye picha ya zamani watafute vitu viwili vilivyo bado, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, tuseme pembe ya nyumba na mnara wa msikiti. Wasimame, walinganishe. Kama cha karibu kimekwenda kushoto kuliko kwenye picha, nao wasogee kushoto. Kama kulia, kulia. Wengi husogea kinyume wakapoteza saa nzima. Kukuza kwa lenzi hakusaidii hapa, ni miguu tu. Na vivuli vikifanana, ujue mmepata saa na mwezi pia.

Ami, nikinunua droni nitapiga mji wote kwa siku moja. Unaonaje? — Msomaji wa Nyali

Kwanza ukaisajili na upate kibali kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na usiisogeze bandarini wala kambi ya wanamaji Mtongwe. Ukishamaliza hayo, ruka. Lakini kutoka juu utaona mapaa, na hakuna mtu aliyekulia juu ya paa. Kile kichochoro chenu kitembee kwa miguu kwanza.

Kaka, salaam. Marehemu baba alituachia bati la biskuti lenye picha na filamu. Nyingine zimeota kuvu, nyingine zimegandana. Mama yupo, amepita miaka themanini, macho yamepungua lakini akili ni timamu. Nakuletea nakala ya moja: mtu na mkokoteni wa maji, kwenye kichochoro. Hatumjui. Tuanzie wapi? — Dada wa Kibokoni

Salaam, dada yangu. Muanzie kwa mama. Kuvu itangoja mwezi mmoja, mama asichoshwe kungoja.

Chukua simu, kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua, weka picha moja moja juu ya karatasi nyeupe, uipige ukiwa umeinamia sawasawa bila kuwasha taa ya simu. Sasa una nakala ambayo mama anaweza kukuziwa mbele ya macho yake mpaka uso uwe mkubwa kama sahani. Keti naye asubuhi baada ya chai, si jioni akiwa amechoka. Rekodi sauti yake. Usimuulize "huyu nani" peke yake. Muulize hapa ni wapi, nyuma ya huu mlango aliishi nani, kulikuwa na harufu gani. Jina likitokea, liandike nyuma ya picha kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya na kuchafua.

Zilizogandana usizivute. Zilizoshikamana na kioo cha fremu zipige hivyo hivyo zikiwa na kioo. Zenye kuvu zipeleke nje penye upepo zikauke, kisha zifagie kwa brashi laini, na uzibe pua na mdomo. Usizipanguse kwa kitambaa kibichi, utaondoa kuvu na uso wa picha pamoja. Filamu zinazonuka siki zimeanza kuoza. Zitenge na nyingine, na hizo ndizo uzipeleke kwanza kuskaniwa. Zote zitoke kwenye bati, ziingie kwenye bahasha za karatasi, ndani ya sanduku lenye vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Ziweke kabati la juu, mbali na jiko. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na bati linafungia unyevu ndani.

Mkitaka kukadiria miaka, kuna alama za mji. Mkiona daraja la Nyali la kuelea, ni kati ya 1931 na 1980. Mkiona rangi mchanganyiko kwenye kuta za Mji wa Kale, manjano na kijani na waridi, yaelekea ni kabla ya agizo la 2018 la kupaka nyeupe na buluu. Yako ni ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kuta hazitatuambia kitu.

Nimeitazama hiyo ya mkokoteni kwa kioo cha kukuza. Baba alikuwa na jicho. Angeweza kumpiga mtu peke yake, lakini ameacha madebe, mtaro, mtoto anayechungulia, na nusu ya mlango wa nakshi. Mlango ule ukitambuliwa, kichochoro kimetambuliwa, na mwenye mkokoteni hatakuwa mbali. Muulize mama kwanza habari ya mlango. Halafu muulize na mti ulio nyuma yake. Mimi naona ni mkungu, ila picha imechubuka hapo juu.