TANU ilibadilika lini? Usianzie Azimio la Arusha

Swali: Naandika tasnifu kuhusu vyama vya ukombozi vilivyoshika dola, mfano wangu ukiwa TANU, chama kilichoongoza Tanganyika kudai uhuru. Wengi huanzia Azimio la Arusha, tamko la siasa ya Ujamaa na Kujitegemea la 1967. Je, hapo ndipo chama kilipobadilika?

Jibu: Hapana. Rudi nyuma miaka mitano. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili akakijenge chama. Makatibu hodari waliokuwa wakikusanya ada na kuitisha mikutano walikuwa wamehamia serikalini, na matawi yakakosa watu na kazi.

Njia iliyotumika kukiokoa chama ndiyo iliyokigeuza. Mwaka huohuo wakuu wa mikoa wa kisiasa walishika nafasi za maofisa wa kikoloni, na mkuu wa mkoa akawa pia katibu wa TANU wa mkoa. Chunguza hapa kwa makini, kwa sababu katibu sasa anateuliwa kutoka juu na mshahara wake unatoka Hazina. Mwanachama wa tawini hana tena la kumfanya.

Vyama vya wafanyakazi vilifuata. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, TFL, shirikisho la vyama hivyo, ilivunjwa na kuundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Mfanyakazi mwenye madai dhidi ya serikali alikuwa anayapeleka kwa serikali ileile.

Mwaka 1965 chama kimoja kikawa sheria. Lakini usikimbilie kuandika kwamba kura zilikosa maana: wagombea wawili wa TANU walishindana jimboni, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine nyumba, na Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akaangushwa. Mpiga kura aliweza kumng'oa mbunge, si chama.

Kwa hiyo chora jedwali. Kwa kila cheo andika nani anateua, nani analipa, nani anaweza kumwondoa. Jaza kwa 1960, 1962, 1965, na 1975 chama kilipotangazwa kikatiba kushika hatamu, yaani kuwa juu ya serikali. Wanaotegemea hotuba hupotea, maana lugha ya hotuba ilibaki ya ukombozi muda mrefu baada ya madaraka kuhama.

Ukilinganisha na FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ongeza safu ya makamanda. TANU iliingia madarakani kwa kura, viti 70 kati ya 71 mwaka 1960. FRELIMO ilifika madarakani 1975 ikiwa tayari na jeshi lake.