Kabla ya kuuliza kilomita, uliza nani anakuongoza: kukimbia vijiji vya juu Moshi

Kila Februari inapokaribia napata simu za ndugu na marafiki wa Dar wanaokuja Moshi kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon. Wengi wakishafika wanataka pia siku moja ya kukimbia huko juu, kwenye vijia vya migomba na kahawa. Swali la kwanza huwa ni kilomita ngapi, la pili ni viatu gani. Mimi nawauliza: nani anawaongoza? Nimekimbia vijia vya Uru, Kibosho na Old Moshi kwa miaka mingi, mara na kundi, mara na kijana mmoja tu wa kunionyesha njia. Nimeona watu wenye mazoezi mazuri na raba za bei mbaya wakiharibikiwa na siku nzima kwa sababu ya mwongozaji asiyefaa, na wenye raba za kawaida wakirudi wanacheka.

Ardhi yenyewe ndiyo inayowadanganya wengi. Moshi mjini ni chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mageti ya Machame na Marangu yako kwenye mita 1,800 hivi. Hapo katikati ndipo kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za Wachagga, na ndipo pa kukimbia kwa siku moja. Juu yake unaanza msitu, ambao uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro na una taratibu zake za malipo na vibali. Mtu akikuambia "tutachungulia msituni kidogo" bila kutaja geti, mkatalie palepale. Kuhusu mwinuko usiwe na hofu sana: ugonjwa wake kwa kawaida huanza kuwasumbua watu wakipita mita 2,500. Pumzi itakuwa fupi kwa anayetoka pwani, basi.

Kinachomaliza watu ni makorongo. Karanga, Weruweru, Kikafu na mito mingine inashuka kutoka mlimani kuelekea kusini, na kila mmoja umejichimbia bonde lake. Ukipanda moja kwa moja, kama barabara ya Mweka ambayo wakimbiaji wa nusu marathoni wanaijua vizuri, unapata kilima kimoja kirefu na unakizoea. Ukikata kutoka kijiji hadi kijiji, mashariki kwenda magharibi, ni habari nyingine. Unatumbukia bondeni, unavuka maji juu ya mawe au magogo, unapanda ng'ambo ukishika mizizi, unapumua kidogo, halafu bonde la pili hilo hapo. Kwenye ramani ya simu inaonekana ni karibu tu. Ndiyo maana nawaambia watu waulize muda na idadi ya mabonde. Mwongozaji anayejua njia atakujibu bila kufikiri: "Tunavuka mabonde matatu, kwa mwendo wenu ni muda wa saa nne na nusu." Anayetaja kilomita peke yake, mimi simlipi.

Muulize pia nani anabaki nyuma. Hili nalisisitiza kwa sababu niliwahi kwenda na kundi ambalo kijana wa kuongoza alikuwa na mbio kweli, akawachukua wenye nguvu akatokomea nao. Dada mmoja wa mwisho akafika njia panda kwenye migomba, kushoto kijia, kulia kijia, vyote vinafanana. Tulimpata amekaa kwa bibi mmoja anakunywa chai, bibi amemzuia asiende popote mpaka wenzake warudi. Tangu siku hiyo siendi na kundi lenye mwongozaji mmoja kama tumezidi watu watano au sita. Mmoja mbele, mmoja nyuma kabisa, na wa nyuma hampiti mtu hata awe anatembea. Na wote wawili wawe wanajua ni wapi bodaboda inaweza kufika, maana mtu akiteguka kifundo cha mguu bondeni, habari ya kwanza ni kumpandisha hadi penye njia ya pikipiki.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda zaidi. Huku si porini. Kila kijia unachokimbia kinapita katikati ya kihamba cha mtu, karibu na jiko lake na banda la ng'ombe wake, na mara nyingi karibu na makaburi ya wazee wake, kwa sababu Wachagga huzika nyumbani. Ukiona kaburi lenye vigae safi kando ya njia, usiweke mguu juu yake kufunga kamba za raba wala kunyoosha misuli. Nimeona watu wakifanya hivyo na imeniuma. Mistari ya masale unayoiona, ile mimea ya majani marefu, ni mipaka, usiikate kufupisha kona. Mfereji wa maji, ule mfongo, uruke, usikanyage kingo zake, kwa sababu kuna mtu anasubiri zamu yake ya maji huko chini.

Na salamu. Mwongozaji mzuri anapunguza mwendo kabla ya kila nyumba yenye mtu mzima uani. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwatoka wapi?" Jibu, kisha endelea. Ukipewa ndizi mbivu, pokea kwa mikono miwili na useme "aika", asante ya Kichagga, mama atafurahi kuliko unavyodhani. Utakutana pia na akina mama wanaopanda na mizigo ya majani ya ng'ombe vichwani. Mzigo ni mkubwa kiasi kwamba anaona hatua chache tu mbele ya miguu yake, na kijia hakitoshi watu wawili. Simama mapema, msalimie akiwa bado mbali ili ajue upo, sogea upande wa bonde na yeye umwachie upande wa ukuta. Usimpite kwa mbio kwa nyuma, utamshtua. Kijana wa kijiji hicho hicho hahitaji kufundishwa haya, na ndiyo maana namchukua wa Uru nikikimbia Uru, wa Kibosho nikikimbia Kibosho.

Kushuka ndiko kunakovunja miguu. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, na majani makavu ya mgomba juu yake ni hatari zaidi kwa sababu huoni kilicho chini. Hatua ziwe fupi na za harakaharaka, magoti yamelegea kidogo, usiegemee nyuma. Macho yaangalie hatua kadhaa mbele, siyo vidoleni. Raba iwe na soli yenye meno na iache nafasi mbele, la sivyo kucha zitaumia. Penye mteremko mkali tembea. Mwongozaji anayekuhimiza ukimbie hapo hakutakii mema.

Machi hadi Mei ni masika, mimi simshauri mgeni. Novemba na Desemba kuna vuli, inategemea siku. Januari na Februari ni pazuri, na Agosti hadi Oktoba pia. Juni na Julai kuna baridi na ukungu, beba koti jepesi. Anza saa 12:30 asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima na jua halijawa kali. Maji yasipungue lita moja na nusu, na usinywe ya mfongo.

Malipo yaeleweke siku moja kabla: ya mwongozaji wa mbele, ya wa nyuma, na mchango wa kijiji kama upo, na huo udai risiti yake. Gari likusubiri mnakomalizia, siyo mlikoanzia. Mwisho wa mbio kula mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ukiwa bado wa moto, na tafadhali usikate tiketi ya basi la Dar kwa kesho yake asubuhi. Mapaja yanauma sana siku inayofuata mteremko, na safari ni ya kutwa nzima umekunja magoti. Lala Moshi usiku wa pili, tembea kidogo mjini jioni, ndipo upande basi.