Mpunga Huzidiwa Kabla Doa Halijaonekana

Katika kufuatana kwangu na wakulima wa mpunga wa bonde la Lukuledi, mkoani Lindi, jambo ninalolihimiza kuliko yote ni kwamba ugonjwa wa blasti, unaoletwa na kuvu, usisubiriwe mpaka madoa yaonekane. Doa lile lililochongoka ncha zote mbili, lenye kingo za kahawia na rangi ya majivu katikati, ni matokeo ya shambulio la siku kadhaa zilizopita.

Chembe ya kuvu inapotua kwenye jani lenye umande huota, kisha hujenga kifuko kidogo chenye shinikizo linaloweza kufika megapaskali 8, ambalo ni takribani mara 40 ya shinikizo la tairi la gari, na kwa nguvu hiyo hutoboa jani. Mpunga haukosi ulinzi. Ukuta wa kuvu una kitini, yaani kijenzi chake kigumu, na seli za mpunga zina protini inayovitambua vipande vya kitini na kuiamsha kinga. Lakini kuvu hutoa protini yake, iitwayo Slp1, ambayo huwahi kuvikamata vipande hivyo, ikawa mlinzi yupo langoni ila haoni kitu. Fugwe ya mahindi, ambayo nayo ni kuvu, ina njia nyingine: protini yake, Pep1, hukizuia kimeng'enya ambacho mmea hukitumia kuzalisha kemikali kali za kumkabili mvamizi.

Huku Kusini tumezoea kuukabili ubwiri unga wa mikorosho kwa salfa, na naona mazoea hayo ndiyo yanayotufanya tukimbilie bomba hata kwenye mpunga. Mimi nashauri tuanze na mbegu. Aina yenye ukinzani huzitambua baadhi ya protini za kuvu na kuziua seli zake chache zilizoingiliwa ili ugonjwa usisambae. Hata hivyo kuvu hubadilika, kwa hiyo bonde zima lisipandwe aina moja mwaka hadi mwaka. Urea igawanywe, kwa sababu nitrojeni nyingi kwa mkupuo huzidisha blasti, na majaruba yasiachwe yakauke. Majivu ya pumba za mpunga yana madini ya silika, ambayo huimarisha jani, nayo yanafaa kurudishwa shambani badala ya kutupwa mashineni.

Masuke yanapokaribia kuchomoza, kagua majani kila asubuhi. Blasti ikishika shingo ya suke, suke lote huweza kubaki mapepe, na dawa ya ukungu iliyosajiliwa husaidia ikipigwa mapema, kabla shingo haijawa nyeusi.