Gesi haikungojei ufike Tabora

Juzi nimeyaona tena. Vijana watatu, wapya kazini, wamejaza chupa kwenye pampu ya mkono huko Sikonge, wamezipanga vizuri kwenye kasha la barafu, halafu mmoja anasema, "pH tutapima tukifika mjini." Nikamwambia dereva azime gari. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hilo "tukifika mjini" nimelilipia mimi, na waliolilipia zaidi ni wanakijiji.

1. pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) na alkaliniti (uwezo wa maji kuzima asidi, hasa kwa bikaboneti) hupimwa kisimani. Mnajua wenyewe: maji ya mvua yakipenya udongo wa miombo hukutana na hewa ukaa inayopumuliwa na mizizi na vijidudu, mara kumi hadi mara mia ya iliyoko angani. Hapo ndipo asidi ya kaboni inapotokea, na ndiyo inayoila feldispa, madini ya ndani ya graniti yetu, mpaka kubaki kaolini, ule udongo mweupe wachimbaji wanaoutoa kabla ya kugonga mwamba mgumu. Sodiamu, kalsiamu, silika na bikaboneti huondoka na maji. Maji hayo ukiyapandisha juu, gesi inatoroka. Tazama viputo vidogo vinavyonata ndani ya chupa. Kila kinachotoka, pH inapanda.

2. Sasa kosa langu. Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa kupima kisima kipya. Kijiji kilikuwa kimechanga fedha za pampu kwa kuuza asali, debe kwa debe. Mita ya pH nikaiacha ofisini kwa sababu betri yake ilikuwa inasumbua. Nikachukua sampuli Alhamisi, gari likakwama njiani, tukafika mjini Ijumaa usiku. Jumatatu nikapima: 7.6. Nikaandika 7.6, na chini yake, kwa mkono wangu, nikaandika kwamba mabomba ya chuma yenye zinki yanafaa.

Mwaka haukuisha. Maji ya alfajiri yakaanza kutoka na rangi ya chai. Nilipoitwa, mama mmoja aliyekuwa mweka hazina wa kamati ya maji alinitolea shati la shule la mjukuu wake, jeupe, limejaa madoa ya kutu kuanzia kola hadi mfukoni. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, sisi tumerudi lamboni." Kwenye lambo, ng'ombe na watu walikuwa wanachota pamoja.

Safari hiyo nilikuwa na mita. Tukapampu, nikapima palepale: 6.1. Maji laini, yenye asidi, yanayotafuna chuma usiku kucha yakiwa yametulia bombani. Fundi alipoving'oa vipande vya bomba, nyuzi za maungio zilikuwa zimeliwa; nilibonyeza kwa kidole gumba, kutu ikabanduka kama ganda la karanga. Baadaye yaliwekwa mabomba ya plastiki. Miezi ile ya lamboni hakuna aliyeirudisha.

3. Sahihisheni mita kwa bafa (kimiminika chenye pH inayojulikana) ya 4 na ya 7 kila asubuhi. Ya jana imwage. Pampu mpaka joto, pH na kondaktiviti (upitishaji wa umeme) vitulie. Chupa ijae mpaka mdomoni. Asidi ya nitriki ni ya chupa ya kupimia metali peke yake. Ukiitia kwenye ya alkaliniti, bikaboneti imekwisha. Na upande wa Kigoma mkikutana na mawe ya chokaa, kuweni wepesi zaidi: gesi ikitoka, kalsiti, madini ya chokaa, huganda kwenye kuta za chupa kama ukoko mweupe, na kalsiamu yako imebaki humo.

4. Acheni kuandika kwenye ripoti kwamba "hewa ukaa ya angani imeongezeka, hivyo visima vimekuwa na asidi." Imeongezeka kweli, kutoka kama 280 katika kila milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa. Lakini mvua safi, ambayo pH yake ni kama 5.6, imeshuka kwa 0.1 hivi tu kwa ongezeko hilo, na udongoni tayari kuna maelfu katika kila milioni. Njia kubwa ni mimea na joto: mizizi ikistawi na vijidudu wakipumua zaidi, asidi huongezeka na mwamba huoza haraka, mradi mvua ipo. Na huku miti inakatwa kukaushia tumbaku, jambo linaloweza kuvuta upande mwingine. Kuyatenganisha hayo kunahitaji vipimo safi vya miaka mingi. Sasa linganisheni: tunatafuta badiliko la sehemu ya kumi, na uzembe wangu wa siku nne ulikuwa 1.5.

Juzi basi tulimwaga chupa zote, tukapampu upya. Nikawaambia waache moja bila kupimwa. Pale kisimani mita ilisoma 6.2. Saa mbili usiku, mezani Tabora, ile chupa waliyoiacha ilisoma 6.9. Yule kijana aliipima mara ya pili, kisha akafungua daftari lake na kuandika namba zote mbili, na saa ya kila moja.