Umekata alumini kwa msumeno wa mbao? Sema

Jumanne nilirudi karakanani kutoka kununua bawaba, nikamkuta kijana wetu mgeni, wa wiki ya tatu, amepiga magoti mbele ya reli ya kabati la milango ya kuteleza. Mkono wa kushoto umeikandamiza reli juu ya stuli, wa kulia unavuta msumeno wa mbao wa meno 8 kwa inchi, ule ninaokatia mabega ya ndimi, zile ncha za mbao zinazoingia kwenye tundu la kiungo. Alumini inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Huyu ni wa 4 mwaka huu. Nilimwambia tu, "Mdogo wangu, hebu simama kwanza," na baadaye nikaketi kuandika haya, yamfae yeye na wengine mnaoanza kazi hii, iwe ni Gikomba, Kariobangi au kando ya Ngong Road, hapa Nairobi.

Tuelewane mapema: msumeno wa mbao unakata alumini. Akikwambia fundi haiwezekani, hajajaribu. Alumini ni laini, na uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma cha ukubwa uleule. Ukijaribu kukata nondo kwa msumeno wa mbao, nondo inakukataa mpigo wa kwanza na unaacha. Alumini inakukaribisha. Unakata mpaka mwisho, unapangusa mikono, na hasara unakutana nayo kesho kwenye ubao wa mteja. Basi shikeni haya.

1. Hesabu meno kabla ya kuanza. Wazee wa kazi wanasema meno 3 yawe ndani ya chuma wakati wote. Sasa piga hesabu: msumeno wa meno 8 kwa inchi, kutoka jino hadi jino ni milimita 3 na kidogo. Ukuta wa reli ya kabati au fremu ya dirisha mara nyingi ni milimita 1 na nukta. Maana yake ukuta mzima unadumbukia kwenye bonde kati ya meno mawili, halafu jino linalofuata linaugonga ubavuni. Kule kulia mnakosikia ndiko huko, na ndiko kunakong'oa meno. Bapa ya milimita 6, bledi (ule utepe wa meno wa msumeno wa kukatia chuma) ya meno 18 kwa inchi inatosha. Milimita 3, tafuta ya meno 24. Chini ya hapo ni 32, tena ulaze msumeno ukate kwa mshazari, upate chuma kirefu zaidi chini ya meno.

Ndiyo, nasema bledi, maana msumeno wa kukatia chuma tunao. Nilimuuliza kijana kwa nini hakuutumia, akasema hakuuona. Unaning'inia nyuma ya mlango, msumari wa pili. Vijana wangu, ulizeni! Hakuna aliyewahi kufukuzwa karakanani kwangu kwa kuuliza kitu kiko wapi.

2. Mshumaa. Alumini ikipata joto la msuguano inanata, inajibandika kwenye jino na kujaza mabonde, na mwishowe unasugua alumini kwa alumini. Paka nta ya mshumaa wa kawaida, ule wa stima ikipotea, kwenye meno na mbavu za msumeno, kila baada ya mipigo 20 hivi. Mafuta ya taa pia yanasaidia, lakini kwangu hayaingii: yananyweka kwenye mbao, na hapo chini kuna maranda yanayongoja cheche moja tu.

3. Chungulia ndani kabla ya kupitisha msumeno. Hapa mnivumilie, nina la kusema.

Nilikuwa na miaka 19, nikijifunza kwa mzee mmoja Gikomba, upande wa mbao, karibu na mto. Mzee alikuwa na msumeno wa kupasulia wa inchi 26, meno 5 kwa inchi, uliotengenezwa Sheffield, Uingereza, mpini wake umesuguliwa na kiganja chake miaka na miaka mpaka unang'aa kama kokwa ya parachichi. Ulikaa ndani ya mfuko wa gunia. Hakutukataza kuutumia. Alitukataza kuutumia bila kumwambia.

Jioni moja mteja akaleta fremu kuukuu ya dirisha la alumini, anataka ipunguzwe inchi 2 iingie kwenye dirisha la kibanda chake. Mzee alikuwa ametoka. Wingu limetanda, mteja anatazama saa. Msumeno wa chuma tulikuwa tumemwazima fundi wa mabati ng'ambo ya barabara, na kumfuata ni kuvuka matope ya Gikomba, mnayajua. Nikauchomoa wa mzee kwenye gunia.

Mipigo ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Ukuta wa kwanza nikaumaliza, nikaingia ndani. Katikati nikahisi ugumu, nikadhani alumini imekuwa nene pale, nikaongeza nguvu. Kumbe ni skrubu ya chuma, ile inayoshika kona, imejificha ndani ya uwazi. Nikasikia tik, tik, tik, kama mtu anayetafuna njugu zenye mawe. Nikaendelea. Nilisikia, vijana wangu, na nikaendelea, kwa kuwa mteja alikuwa ananitazama.

Fremu ikakatika, mteja akalipa, akaenda zake. Nikauinua msumeno kwenye mwanga. Katikati ya bamba meno yamebaki vishina, na yaliyosalimika yamejaa kitu cheupe kinachong'aa. Nikausugua kwa kitambaa, nikaurudisha kwenye gunia, meno yakiangalia chini, nikaenda nyumbani. Usingizi haukuja.

Asubuhi mzee alikuwa na milango ya kabati la jikoni, mbao za saiprasi nyeupe safi alizozikausha mwenyewe chini ya paa kwa miezi. Akauweka msumeno kwenye mstari. Mipigo 5 au 6 hivi, msumeno ukaanza kukimbilia kulia, maana upande wa kushoto ndio uliopoteza makali zaidi, na nyuma yake ukaacha mchirizi wa kijivu kwenye mbao. Akasimama. Akafumba jicho moja, akayatazama meno kutoka mpinini hadi nchani, pole pole. Kisha akatugeukia. Tulikuwa watatu.

"Nani amekata nini?"

Nikanyamaza.

Mdogo wetu, ambaye hata mwezi hakuwa amemaliza pale, alianza kutetemeka. Alikuwa mwoga tu, hakuwa na lolote. Mzee akaona kule kutetemeka, akadhani amepata jibu. Akamwambia aende nyumbani, arudi siku atakayokuwa tayari kusema. Kijana akachukua koti lake kwenye msumari. Alipita karibu nami kiasi kwamba mkono wa lile koti ulinigusa. Sikufungua mdomo. Na alikuwa akilipwa kwa siku.

Jioni mzee aliubana msumeno kwenye vaisi kati ya vipande viwili vya mbao, akaniita nimshikie taa. Alianza na tupa bapa, kuyashusha meno yote mpaka usawa wa yale yaliyovunjika, kwa kuwa msumeno wenye milima na mabonde haukati. Halafu akashika tupa ya pembetatu, jino kwa jino. Nilisimama pale na taa nikiona chuma kizuri kinageuka unga mweusi juu ya benchi, chuma ambacho hakirudi tena. Alipofika kama jino la 40, nikasema, "Mzee, ni mimi."

Hakuinua kichwa. Alimaliza jino lile, akalipuliza. "Kesho alfajiri utamfuata yule mtoto kwao, umlete wewe mwenyewe," akasema. "Sasa hesabu meno."

Nikahesabu. Inchi 26 kwa meno 5, ni meno 130. Meno 11 hayakuwepo. Tulinoa usiku wa siku mbili.

Yule kijana nilimfuata Mathare kabla jua halijachomoza. Mama yake ndiye aliyefungua mlango, na ilinibidi nimweleze yeye kwanza, palepale kizingitini, kwamba mwanawe hakuharibu kitu. Aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akamwita. Alirudi kazini, na ile siku aliyoikosa nilimlipa mimi. Lakini mpaka leo nikisikia alumini inalia chini ya msumeno, silikumbuki lile bamba. Namkumbuka akichukua koti.

Ndiyo maana Jumanne sikugomba.

4. Jihadharini na fremu za kahawia na nyeusi, zile za madirisha ya ghorofa mpya. Nyingine zimepakwa rangi tu. Nyingine zimekuzwa ngozi kwa umeme ndani ya tindikali, na ngozi hiyo ni oksidi ya alumini, kitu kilekile kinachogandishwa kwenye karatasi ya msasa. Ni nyembamba, ila kila mpigo unasugua ncha ya jino lako kwenye msasa. Msumeno wa kukatia mbao kwa upana, wenye meno makali kama visu vidogo, unakufa hapo kwanza. Wa kupasulia, wenye meno kama patasi, unavumilia zaidi kidogo. Fremu za namna hii zipe bledi ya kukatia chuma, usibahatishe.

5. Mengine kwa haraka. Bana kipande, usikishike kwa goti. Bomba jembamba litie kipande cha mbao ndani lisibonyee. Bati la alumini libane kati ya vipande viwili vya plaiwudi, ukate vyote kwa pamoja. Tupa ipake chaki kabla ya kulainisha kingo, isijae. Usipeleke alumini kwenye jiwe la kunolea la mashine, inaliziba na jiwe linaweza kupasuka. Vaa miwani. Na tafadhali, pati pati ziacheni nyumbani: chenga za alumini ni sindano, na kuitoa moja kwenye unyayo wa mtu ni kazi ya nusu saa na makelele mengi. Nimeshazitoa za watu wawili, na mmoja wao anasoma hapa sasa hivi, anajijua.

6. Alumini ipewe msumeno wake. Mnaijua misumeno hii ya siku hizi, ncha za meno zina rangi ya buluu iliyokolea, zimegumishwa kwa moto wa umeme mpaka tupa inateleza juu yake. Haiongezwi makali. Ikichoka kwenye mbao watu wanaitupa. Msiitupe, huyo ndiye mfanyakazi wa alumini. Ncha ngumu zinastahimili, na hakuna mzee atakayekesha akiinoa. Chagua wenye meno madogo kabisa, hata hivyo kwa kuta nyembamba kanuni ya kwanza iko palepale, na kukata kwa mshazari ni lazima.

Ila ukishaingia kwenye alumini, usirudi kwenye mbao. Hata ukiupiga brashi ya waya, zinabaki chembe ndani ya mabonde, na zitaandika mchirizi wa kijivu kwenye saiprasi yako. Mara nyingine mchirizi huo huuoni vizuri mpaka upake vanishi, na hapo umechelewa. Na benchi lifagiliwe kila baada ya kukata alumini. Nimeona uso wa meza ya mahogani, umepigwa msasa siku nzima, ukalazwa kifudifudi juu ya chenga tatu tu. Ilibidi tuanze upya na randa.

Jumatano nilimpa kijana msumeno mmoja wa namna hiyo. Ameupaka mpini rangi nyekundu na kuandika ALUMINI TU, herufi kubwa, akauning'iniza msumari wa tatu nyuma ya mlango. Kabla hajaondoka jioni ile akanifuata kwenye benchi, akasimama kidogo, akasema, "Fundi, ule wako wa mabega, meno mawili yameenda. Jana."

Nilikuwa sijayaona. Nikautoa, nikafumba jicho moja, nikatazama. Kweli, mawili, karibu na ncha. Jumamosi tunanoa, yeye atashika taa.